Kumtafuta Mtoto Asiye Darasani: Mwongozo kwa Anayetaka Kazi ya Usawa wa Elimu

Kila msimu wa mahafali ukipita, simu yangu hupokea ujumbe wa aina moja: "Shikamoo mwalimu, naipenda sana kazi yako, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo naandika jibu lote hapa. Nilifundisha shule ya msingi Simanjiro, kisha nikaingia shirika linalofanya kazi Kiteto, na ninayoyajua nimeyapata huko Manyara. Wewe uliyeko Kigoma au Mtwara utabadilisha majina ya makabila na ya mazao. Ofisi utakazozizungukia ni zilezile.

Kwanza tuelewane kazi ni nini. Tangazo litasema "Afisa Mradi, Elimu Jumuishi", na ukisoma majukumu utakuta "kuhamasisha jamii" imerudiwa mpaka inachosha. Wazazi wengi wa Makame na Ndedo, kata za wafugaji huku Kiteto, wamehamasishwa tangu vijana wao hawajazaliwa. Ada ya shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka shule ya kutwa na 70,000 shule ya bweni, na ilipoondoka madarasa yalijaa kweli. Ila mtoto ambaye boma lao liko mwendo wa saa tatu kutoka sekondari ya kata hakuwa akizuiwa na ile elfu ishirini peke yake. Anazuiwa na mahali pa kulala, cheti cha kuzaliwa, miwani, debe la mahindi la mchango wa chakula, mahari iliyokwisha kupokelewa, au tarehe iliyopita bila mtu wa nyumbani kuijua. Kazi yako ni kujua kipi kati ya hivyo kinamzuia mtoto huyu mwenye jina hili, ofisi gani ina uwezo wa kukiondoa, na ofisi hiyo hupokea maombi mwezi gani. Fulana na mabango vinakuja baadaye sana, na visipokuja hakuna atakayeumia.

Milango ya kuingilia

Milango ni miwili. Mmoja ni wa serikali: ualimu, uafisa elimu kata, maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, na kile cheo ambacho watu hukisahau, afisa elimu maalumu wa halmashauri. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na urefu wa foleni unaujua mwenyewe. Mlango wa pili ni wa mashirika. Yapo yenye majina: CAMFED iliyoanza kazi Tanzania mwaka 2005, HakiElimu iliyoanzishwa 2001, Msichana Initiative, na kwa upande wa wafugaji Pastoral Women's Council ya Loliondo, iliyoanzishwa 1997 na wanawake wa Kimaasai. Lakini kazi ya kwanza mara nyingi haitoki huko. Hutoka kwenye kishirika cha wilaya chenye chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, pikipiki moja, na mkurugenzi ambaye ndiye mhasibu. Nenda huko. Utafanya kila kitu, na baada ya muda mwenzako aliyeko makao makuu Dar es Salaam atakuwa anaijua wilaya kupitia taarifa unazomwandikia wewe.

Nina ushauri ambao wenzangu wengine wanaupinga: pitia darasani kwanza, hata kwa kujitolea. Mtu ambaye hajawahi kujaza daftari la mahudhurio hajui linavyodanganya. Ruzuku ya uendeshaji hupelekwa shuleni kwa kuhesabu wanafunzi, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Mwalimu mkuu mwenye paa linalovuja hana haraka ya kumfuta mtoto aliyehama na ng'ombe tangu Julai. Simlaumu. Ila ukiichukua idadi yake na kuipeleka kwa mfadhili kama ilivyo, umeanza kazi kwa namba ya uongo, na mwaka wa pili utalazimika kuitetea.

Kuhusu vyeti sina mengi. Shahada ya ualimu, sosholojia au maendeleo ya jamii inatosha. Stashahada ya Tengeru au Misungwi nayo inatosha kama una miguu. Ukivutwa na watoto wenye ulemavu, fikiria Patandi, Arusha, chuo cha ualimu wa elimu maalumu. Anayesoma nukta nundu kwa vidole, au anayeongea lugha ya alama bila kuchungulia kitabu, anatafutwa.

Cheti ambacho hakitolewi chuoni ni lugha ya mahali. Si lazima uwe fasaha wa Kimaasai. Fika pale ambapo mama anaweza kumnong'oneza jirani yake jambo mbele yako nawe ukalisikia, na yeye akajua umelisikia. Kuanzia siku hiyo mazungumzo yanabadilika.

Kuingia wilayani

Usiingie shule yoyote bila barua. Shirika lako liwe limesajiliwa kwa Msajili wa NGOs, kisha barua ya utambulisho iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Baada ya hapo pita kwa afisa elimu msingi na afisa elimu sekondari. Hizo ni ofisi mbili. Ukisalimia moja ukairuka nyingine, utakumbushwa. Halafu afisa elimu kata, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti. Ngazi hii inachosha na inakula wiki nzima. Ipande yote, maana siku binti atakapotoroshwa saa nne usiku, mtu wa kwanza kumpigia ni yule mtendaji uliyemsalimia.

Wazee wana ngazi yao. Laigwanani, kiongozi wa mila wa Kimaasai, haandikiwi barua. Anapelekewa habari na mtu wa rika lake, nawe unasubiri uitwe. Mimi ni mwanamke, na mwanzoni walikuwa wananisikiliza kwa adabu kisha wanamjibu dereva. Dawa niliyoipata ni kuongozana na mwenyekiti wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, mama ambaye nusu ya wanaume waliokaa pale chini ya mti wamewahi kula fedha ya kikundi chake kupitia wake zao. Akikohoa, wananyamaza.

Baba usiyemkuta bomani utampata mnadani. Siku ya mnada anakuja na mbuzi, ana fedha mfukoni, na hana haraka. Ongea naye baada ya kuuza, usimkamate kabla. Na siku hiyohiyo pita shuleni uone wavulana wangapi hawapo, utajua nani aliwaswaga hao mbuzi.

Orodha nne

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa.

Tafuta orodha nne na uzilinganishe. Ya kwanza ni ya zahanati: watoto waliokuwa wakiletwa kliniki miaka mitano iliyopita, ikipimwa na walioandikishwa elimu ya awali mwaka huu. Muuguzi hatakupa daftari lake, na asikupe. Mwombe akae nawe mhesabu pamoja, kitongoji kwa kitongoji. Ya pili ni ya walioanza darasa la kwanza miaka mitatu iliyopita, ikipimwa na darasa la nne la leo. Ya tatu, ambayo ni ya moto kuliko zote, ni ya waliochaguliwa kidato cha kwanza, ikipimwa na walioripoti hadi katikati ya Februari. Ya nne ni ya kidato cha pili kabla na baada ya mtihani wa taifa.

Kila jina lililopungua lina sababu, na sababu zenyewe hazizidi vidole vya mikono: amehama, amerudia darasa, amefariki, ameolewa, ana mimba, anachunga, anaumwa, yuko mjini kwa kazi za ndani, au hakuwahi kuwepo. Kabla hujapanda pikipiki, ondoa waliohama. Kila mwanafunzi ana namba kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, na uhamisho hupitia humo. Mwalimu wa taaluma atakuonyesha. Mtoto akionekana Kondoa au Handeni anasoma, mshukuru Mungu, mpigie mstari, endelea na wengine.

Waliobaki wafuate nyumbani. Na hapa kuna neno la kuangalia. Usiulize "kwa nini mtoto haendi shule?" Mzazi akisikia hilo anamwona mtendaji na mgambo nyuma yako, kwa sababu wazazi wa watoro hupelekwa mahakamani. Atakwambia mtoto anaumwa. Uliza "wiki hii mbuzi wanachungwa na nani?" Utajibiwa ukweli wote, pamoja na jina la mtoto, njia anayopita na kisima anachonyweshea. Kutoka hapo mnaweza kupanga. Nimeona familia mbili zikiunganisha mbuzi na kumlipa kijana mkubwa aliyekwisha kumaliza shule. Nimeona nyingine ikikataa katakata, na sikuwa na la kuwapa, kwa sababu ndama ndio akiba yao. Ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzo wa 2022 uliua mifugo mingi Simanjiro. Mtu aliyeona mizoga ile hatakuelewa ukimwambia aache ng'ombe wazurure bila mchungaji.

Na hao wanaochunga ni wavulana. Miradi mingi imeandikwa kwa ajili ya wasichana, kwa sababu za haki kabisa, lakini kwenye kata za wafugaji layoni, yaani mvulana wa Kimaasai, wa miaka tisa anayepotea darasa la tatu hana bango lake. Mwandike kwenye orodha hata kama hayumo kwenye viashiria vya mradi. Afisa elimu kata atakuheshimu kwa hilo, na mfadhili akiuliza mbona orodha ni ndefu kuliko mkataba, mwambie ukweli.

Wale wanaosahaulika zaidi

Darasa la kwanza kwenye kata za wafugaji lina tatizo la lugha kabla ya jambo jingine lolote. Mtoto amelelewa kwa Kimaasai, mwalimu anatoka Mbeya na anafundisha kwa Kiswahili, kama sera inavyotaka. Mtoto anakaa kimya miezi, anaandikwa "mzito", anaacha. Tiba yake ni darasa la awali lililo karibu, kwenye shule shikizi (tawi dogo la shule lililo karibu na makazi), lenye mtu wa kijijini anayeongea lugha zote mbili. Huyo mtu anahitaji posho ndogo kila mwezi. Ukiweza kuandika jambo moja tu kwenye bajeti yako ya kwanza, andika hilo. Linabaki halmashauri ikiamua kulibeba, na mara nyingine inaamua.

Wapo wachache kuliko wafugaji. Waakie wa Napilukunya, hapohapo Kiteto, hutafuta asali na familia huhama nayo. Ukiwahesabu pamoja na Wamaasai kwenye takwimu wanapotea. Andika kabila kwenye daftari lako la kazi. Kwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Mbulu, kuna jambo la kujifunza: mwaka 2011 walipata hatimiliki ya kimila ya ardhi yao, na mapato ya biashara ya hewa ya ukaa yanayotokana na kulinda msitu wao husaidia kulipia shule na matibabu. Pale unapanga na serikali ya kijiji jinsi fedha yao itakavyotumika, na unakaa kama mshauri. Kwa kijana aliyezoea kuja na mabegi ya madaftari, kukaa hivyo ni kugumu.

Mabinti waliojifungua wana historia yao. Kuanzia 2017 msimamo wa serikali uliwafungia mlango wa shule kabisa, na Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, alitangaza warudi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ukafuata. Usiseme "sasa wanaruhusiwa" ukaishia hapo. Ruhusa ina muda, miaka miwili tangu aache, na binti wa Ndedo hajui saa yake inahesabika. Tafuta tarehe aliyoacha, iandike mbele ya jina lake.

Kisha uliza nani atakaa na mtoto. Hilo ndilo linaloamua, kuliko waraka. Kama bibi yupo na anakubali, rudi naye shule ileile au ya jirani ambako hawamjui. Kama muda umepita, au hataki kukaa dawati moja na wadogo zake, kuna njia mbili. Vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima humpitisha masomo ya sekondari kwa miaka michache zaidi, akafanya Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, ndipo mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wake hufanyika mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo binti unayempata Aprili tayari anasubiri mwaka mwingine. Njia ya pili ni vyuo vya maendeleo ya wananchi. Viko 54 nchini, vinafundisha ufundi pamoja na masomo, na programu ya Elimu Haina Mwisho inayoratibiwa na Karibu Tanzania Organization ilivifungua zaidi kwa wasichana waliokatiza masomo, baadhi yao wakiwa na watoto wao hapohapo chuoni. Kabla hujampeleka, tembelea chuo chenyewe, ukaone mahali watoto wanapolala.

Kwa ulemavu nitasema moja tu, kwa sababu wataalamu wako Patandi. Wengi wa watoto unaoambiwa "hawana akili" hawaoni ubao au hawasikii vizuri. Bandika chati ya kupimia macho ukutani, mkae na mwalimu darasa zima kwa asubuhi moja, kisha waliokwama wapelekwe hospitali ya wilaya. Mwenye uoni hafifu aandikwe hivyo mapema wakati wa kusajiliwa mtihani, ndipo Baraza limletee karatasi ya maandishi makubwa, au ya nukta nundu kwa asiyeona, pamoja na muda wa ziada. Usajili ukipita hajaandikwa, atafanya mtihani wa wenye macho yao.

Karatasi

Sasa chukua kijana wa boma aliyeshinda yote haya. Amefaulu kidato cha sita, amepata chuo, na Juni dirisha la maombi la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu linafunguliwa hadi mwisho wa Agosti. Wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Alizaliwa bomani, hana. Baba amefariki, wanataka cheti cha kifo kilichohakikiwa. Alizikwa bomani, hakuna. Familia ilikuwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, jambo ambalo lingempa uzito kwenye maombi, lakini jina lake kule limeandikwa tofauti na la shuleni kwa herufi mbili. Agosti inaisha.

Kijana huyu alikosa mkopo akiwa darasa la saba, siku jina lake lilipoandikwa kwa kusikia tu. Kwa hiyo weka kazi ya vyeti mwanzo kabisa. RITA husajili watoto walio chini ya miaka mitano kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 ukasambaa mikoani. Mtoto wa awali akiandikishwa, muulize mama cheti. Darasa la saba, kabla ya usajili wa mtihani, kaa na kila mzazi mkubaliane jina moja, herufi kwa herufi, na liwe hilohilo TASAF, zahanati na shuleni. Ni kazi kavu, haina picha nzuri. Sijaona mradi mwingine unaorudisha faida kiasi hicho kwa gharama ya nauli.

Miezi ya hatari

Miezi mibaya kuliko yote ni ile kati ya Septemba, mtihani wa darasa la saba ukiisha, na Januari, kidato cha kwanza kinapoanza. Binti amemaliza, sare imekunjwa, na watu wanasema ameshakuwa mtu mzima. Wapo wanaoambiwa nyumbani wajaze majibu vibaya ili wasichaguliwe. Ukimkuta msichana aliyekuwa wa tatu darasani amepata sifuri, usishangae, mtafute.

Sheria uzijue, hata usipozitaja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative aliipeleka mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye Julai 2016 na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019. Upande mwingine, Sheria ya Elimu iliyorekebishwa 2016 inasema anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Angalia neno "mwanafunzi". Jina lake kuwa hai kwenye rejista ni ngao, na ndiyo maana nakuhimiza waliochaguliwa waripoti shuleni mapema, hata kama sare bado inashonwa.

Ukisikia ng'ombe wa mahari wamepelekwa, usiende bomani peke yako kama shujaa. Mpigie afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi. Kama huwapati, namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo. Uliza mapema binti atalala wapi usiku huo na wiki ijayo. Kumwokoa bila kuwa na jibu hilo ni kumrudisha kwa walewale baada ya siku chache, akiwa na deni la aibu juu yake. Na mama yake, ambaye mara nyingi ndiye aliyekutumia habari, asitajwe popote, wala kwenye taarifa, wala kwenye ukurasa wa shirika. Picha ya binti usiichapishe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana hata wewe, na orodha zako nne zikae kwenye kabati lenye kufuli.

Fedha, taarifa na mkataba

Utaandika maandiko ya mradi. Weka nauli ya pikipiki, chakula cha hosteli na posho ya mwalimu msaidizi wa kijijini kabla ya warsha. Ukilazimika kufanya warsha, ifanyie kijijini, si hotelini Babati, na mlipe mama ntilie wa hapo. Posho za maafisa wa serikali zifuate waraka wao, usizidishe. Ukizidisha, mwenzako mwenye mradi mdogo hatapata mtu wa kumpeleka shuleni.

Kwenye taarifa ya robo mwaka mfadhili atataka idadi. Mpe, lakini kila namba iwe na majina nyuma yake ofisini kwako. Ukiandika "wanafunzi 40 wamerejea", ujue wangapi kati yao bado wako darasani miezi mitatu baadaye. Nimefanya kazi na shirika moja lililokuwa likihesabu kila aliyerudi, na aliyerudi mara mbili kwa sababu alitoroka katikati alihesabiwa mara mbili. Taarifa yao ilipendeza sana.

Mikataba huwa ya mwaka mmoja, wakati mwingine miwili. Kwenye usaili, baada ya mshahara, uliza haya: michango yako ya hifadhi ya jamii, NSSF, inapelekwa kweli au inakatwa tu, bima ya pikipiki ni ya nani, na ukiugua ukiwa Makame nani anakuja kukuchukua. Uliza pia mradi ukifungwa orodha ya watoto inabaki kwa nani. Wakikwambia wana jumla tu, omba iandikwe kwenye majukumu yako kwamba orodha itakabidhiwa kwa afisa elimu kata kwa maandishi, kwa sahihi mbili, kabla ya mwezi wa mwisho wa mkataba. Wakikataa hilo, nafasi kama hiyo itatangazwa tena mahali pengine kabla ya Desemba.